Betri Iliyonirudisha Rapsu

Akina mama wenzangu wa kanisani wameniuliza mara nyingi nilikuwa wapi ile wiki nzima, na kwa nini Jumapili iliyofuata nilisinzia kwenye benchi mpaka mahubiri yakaisha. Nimekuwa nikiwajibu kwa kifupi kwamba nilikwenda Rapsu kikazi. Hilo ni kweli, lakini si lote. Nilikwenda Rapsu mara mbili katika siku tano, na ile mara ya pili nisingekwenda kabisa kama ningetengeneza kompyuta yangu mapema. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, nisiulizwe tena.

Wanaonijua wanajua kwamba nina meza ya kuchapa hapa Wabera, mtaa wa Isiolo mjini, ndani ya duka alilotuachia baba. Watu huniletea barua za kuomba kazi, barua za chifu, mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Siku moja ya Ijumaa alikuja Boru, katibu wa kamati ya maji ya Rapsu, kijiji cha mashamba karibu na Kinna, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alivua kofia, akaketi, akaniambia shida yao.

"Mama Kendi, mfereji mpya unakuja. Ofisi ya maji hapa mjini imesema maji itapewa shamba yenye karatasi peke yake. Kila mtu aeleze alipata shamba namna gani, anapakana na nani, na alama ya mpaka ni nini. Mwisho ni Ijumaa ijayo saa kumi."

"Na vijana wenu waliosoma?"

"Wako. Lakini wanaandika Kizungu. Wazee wanataka kusikia ikisomwa na waelewe iko nini ndani."

Walikuwa wamebaki wenye mashamba kumi na tisa ambao hawakuwa na maelezo yoyote yaliyoandikwa. Mimi nimekulia Isiolo katikati ya majirani Waborana, nasikia lugha yao vizuri ingawa nikiisema wananicheka. Nikakubali.

Sasa niseme habari ya hiyo kompyuta. Niliinunua ikiwa imetumika, na kwa miaka miwili haikunisumbua. Halafu ikaanza kujizima. Haikutoa onyo lolote. Unaona pale kwenye kona imeandikwa asilimia sitini, unaendelea kuchapa, mara kioo cheusi. Ukiiwasha tena inakuambia asilimia nne. Siku nyingine inazima ukiinyanyua tu kutoka mezani. Nikajifunza kuishi nayo: chaja isichomolewe, kifuniko kisifungwe, isisogezwe. Baadaye nikaona pale mahali pa kugusia kwa kidole pameinuka upande mmoja, kama kuna kitu kinasukuma kutoka chini. Akiru, fundi wa kompyuta wa pale mjini, aliwahi kupita dukani kwangu akaiona, akaniambia, "Mama, hiyo niletee." Nikamwambia wiki ijayo. Nilimwambia wiki ijayo kwa miezi minne. Kwa hiyo nilipoifunga kwenye leso tayari kwa safari, sikuwa mtu asiyejua.

Jumatatu, saa moja asubuhi, niliondoka mjini kwa pikapu ya mfanyabiashara mmoja anayepeleka unga, sukari na mafuta ya kupikia Kinna. Nilikaa mbele na dereva, mtu wa Meru kama mimi, ambaye hakupenda kuongea, na mimi siku hiyo nilimshukuru kwa hilo. Kompyuta nilikuwa nimeiweka mapajani. Ilipofika saa tatu jua lilikuwa linaingia moja kwa moja kupitia kioo cha mbele, na nikahisi joto lake likipita kwenye leso mpaka kwenye miguu. Nikaihamisha chini, karibu na miguu, na huko injini ikawa inaichemsha vilevile. Nchi pande zote mbili ilikuwa kavu, miti ya miiba na vumbi, mbuzi wachache, halafu hakuna kitu, halafu mbuzi tena. Goti langu la kulia lilikuwa limeshaanza kulalamika kabla hatujafika nusu ya njia.

Kinna tuliingia kabla ya adhuhuri. Pale nilipanda bodaboda mpaka Rapsu. Ukitoka kwenye ile nchi ya vumbi halafu ukaona Rapsu kwa mara ya kwanza, macho yanachukua muda kukubali. Mapapai, mahindi, vitunguu, mifereji midogo yenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Boru alinipokea, akanionyesha pa kufanyia kazi: kibaraza cha ghala la kamati, meza moja, viti viwili vya plastiki. Umeme ulitoka kwenye sola ya duka la jirani, mahali watu wanapochajia simu. Mwenye duka, Abdi, alitazama chaja yangu kwa mashaka.

"Hii inakula kama friji," alisema. "Jua likiwa kali itaweza. Wingu likikuja, sijui."

Siku hiyo ya kwanza niliandika maelezo ya watu wanne, na kompyuta haikuzima hata mara moja. Nikaanza kujiambia kwamba labda hewa ya shamba imeifaa.

Jumanne ilizima mara tano. Nilihesabu. Mara ya kwanza wingu lilipita, sola ikashuka, betri ikatakiwa kubeba kazi peke yake, na ikakataa. Mzee aliyekuwa mbele yangu alikuwa katikati ya kueleza jinsi baba yake alivyofyeka kichaka, akaniona nimeacha kuchapa.

"Imekuwa nini?"

"Imezima, baba. Ngoja kidogo."

Nikabonyeza kile kitufe cha kuwashia, nikashikilia, nikahesabu mpaka ishirini, nikaachia, nikabonyeza tena. Ikaamka polepole. Nilikuwa nimehifadhi, kwa hiyo tulipoteza mistari miwili tu. Mzee akairudia mistari ile bila kinyongo. Kufika mchana watu waliokuwa wakingoja zamu walishazoea. Kioo kikiwa cheusi mmoja anasema, "Imelala tena," wanarudi kwenye maongezi yao. Mimi sikuzoea. Kila nilipobonyeza herufi nilikuwa nasubiri giza. Mabega yalikuwa magumu kama mbao, na jioni niliposimama mgongo ulikataa kunyooka.

Jumatano mchana nilikuwa nimemaliza kumi na wanane. Wa kumi na tisa alikuwa mjane aitwaye Gumato.

Alikuja akiwa amejifunga buibui jeusi lililofifia, akaketi pembeni ya kiti. Boru alikuwa ameninong'oneza mapema kwamba shamba lake lina maneno. Mumewe, Halake, alikuwa amefariki, na shemeji yake, Jatani, alikuwa akisema shamba ni la ndugu yake na kwa hiyo ni lake. Siku hiyo Jatani alikuwa na mifugo upande wa Merti. Gumato alikuwa amesubiri asiwepo ndipo aje.

Alieleza kwa Kiborana, na mimi nikaandika kwa Kiswahili. Ukame ulimaliza ng'ombe wao wote, akasema, wakaja Rapsu kwa miguu yeye na Halake na binti yao mdogo. Hapo walipopewa palikuwa mathenge matupu, ile miti ya miiba inayofunga nchi. Walifyeka kwa panga mwaka mzima, miiba ikawatoboa mpaka kwenye mifupa ya mikono, akanionyesha kovu. Halafu mtoto akashikwa na homa. Hapakuwa na gari. Halake alimbeba mgongoni kwenda Kinna, na walipofika nusu ya njia akageuka akarudi, kwa sababu hapakuwa tena na sababu ya kuendelea. Walimzika kwenye pembe ya juu ya shamba. Halake akasema sasa hawataondoka pale. Mpaka wa shamba ulianzia kwenye lile kaburi.

Alipofika hapo alishika pembe ya mtandio, akajifunika macho. Mimi nikaacha kuchapa. Nilikuwa nimeandika karibu kurasa mbili bila kuhifadhi, kwa sababu nilikuwa namfuata haraka na sikutaka kumkatiza. Niliona pale kwenye kona imeandikwa asilimia arobaini na moja. Nilijua napaswa kubonyeza kuhifadhi. Lakini niliona aibu kushughulika na mashine huku mtu analia mbele yangu, nikaweka mikono mapajani. Alipojikausha tukaendelea, akanitajia majirani, akanitajia hatua za kutoka kaburini mpaka ukingo wa mto. Nikachapa sentensi ya mwisho. Nikanyoosha kidole nihifadhi, na kioo kikawa cheusi.

Nikashikilia kitufe. Nikahesabu ishirini. Nikahesabu arobaini. Haikuamka. Nikaichomoa, nikaichomeka, nikaipeleka kwa Abdi, naye akaijaribu kwenye soketi nyingine. Hakuna taa, hakuna sauti.

Gumato alikuwa amesimama akinitazama. "Maneno yangu?"

"Yote iko ndani," nilimwambia. "Usijali, mama. Ikipata umeme mzuri mjini itafunguka."

Alinitazama kidogo, akakubali. Kila mwenye shamba alitakiwa kuweka alama ya kidole gumba sehemu ya chini ya karatasi yenye namba yake, ile ambayo maelezo yangechapwa juu yake baadaye. Akachovya kidole kwenye wino, akakiweka kwenye karatasi namba kumi na tisa, akaifuta mikono kwa majani na kwenda kuangalia mbuzi wake.

Alhamisi niliondoka alfajiri, na saa nne nilikuwa mjini Isiolo, kwenye kibanda cha Akiru. Akiru ni binti wa Kiturkana wa umri wa mwanangu wa kwanza, hana maneno mengi, na vidole vyake ni vyepesi. Aliigeuza kompyuta, akafungua skrubu moja baada ya nyingine akiziweka kwenye kifuniko cha chupa. Alipotoa sahani ya chini alirudi nyuma kidogo.

"Ona, mama. Usiguse."

Betri ilikuwa imevimba kama mandazi. Ndiyo iliyokuwa ikisukuma ile sehemu ya kugusia kutoka chini. Aliitoa polepole, bila kuikunja, akaipeleka nje akaiweka kwenye debe la mchanga, mbali na kibanda.

"Hii ingetobolewa ingewaka," alisema. "Na ulikuwa unaiweka mapajani?"

"Nilikuwa naiweka mapajani."

Akaniambia kwamba betri ikishachoka namna ile, ile asilimia inayoonyeshwa haina maana. Inakisia tu, na mzigo ukizidi inakata yote mara moja. Akanipa chaja yake, akaiwasha bila betri, moja kwa moja kwenye umeme. Ikaamka kana kwamba haijawahi kuumwa. Nikaona mafaili yangu: moja, mbili, mpaka kumi na nane. La kumi na tisa nililikuta likiwa na jina tu na mstari mmoja: *Mimi Gumato, mjane wa Halake, naeleza ifuatavyo.*

"Haina kitu kingine?" nilimuuliza.

Akiru alitafuta kwa muda mrefu, sehemu ambazo mimi sizijui. "Ulikuwa umezima ile ya kujihifadhi yenyewe."

"Ilikuwa inafanya mashine iwe nzito."

"Haikuandikwa kwa diski, mama. Ilikuwa hewani tu."

Ilikuwa saa saba mchana. Ofisi ingefungwa kesho yake saa kumi. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kwamba nilipoegemea ukuta wa kibanda niliona heri nibaki hapo. Na karatasi namba kumi na tisa ilikuwa kwenye begi langu, na kidole cha Gumato kilikuwa juu yake tayari.

Nitasema ukweli, kwa sababu ndio uliofanya niandike haya. Nilivuta kiti mezani kwa Akiru nikaanza kuchapa maelezo ya Gumato kutoka kichwani. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa nimeyasikia jana tu. Nikaandika ukame, nikaandika mathenge na mapanga. Nikaandika homa, na Halake akigeuka njiani. Nikaandika: *Tulimzika binti yetu aitwaye*. Hapo vidole vikasimama.

Sikulikumbuka jina. Nilikuwa nimelichapa mwenyewe, herufi kwa herufi, siku moja kabla, na halikuwepo. Nilijaribu kuliita kwa kupitia majina yote ya kike ya Kiborana ninayoyajua, ya wasichana niliosoma nao na ya majirani. Hakuna lililoitika. Nikagundua pia kwamba zile hatua za kutoka kaburini mpaka mtoni sizijui. Nilijua ni mia na kitu.

Nikampigia Boru. Sauti yake ilikuwa inakatika.

"Mimi sijui jina ya huyo mtoto," alisema. "Andika tu mtoto."

"Na hatua?"

"Hatua ni Gumato anajua." Halafu akaongeza, "Mama Kendi, Jatani amerudi leo asubuhi. Kama unakuja, kuja. Lakini Gumato hatakuwa peke yake."

Akiru alikuwa akisikia. Aliikunja waya wa chaja akaniwekea kwenye begi pamoja na kompyuta. "Bila betri huwezi kuifanyia kazi kule," alisema. "Ile sola ikishuka kidogo tu imezima."

"Sitaifungua," nilimwambia. "Nachapisha yale kumi na nane dukani, halafu naiacha huko."

Kwanza nilipita dukani kwangu nikachapisha yale kumi na nane kwenye karatasi zao, kisha nikatafuta gari. Nilipata nafasi kwenye lori lililokuwa likirudi Kinna kuchukua nyanya. Dereva aliniuliza kama si mimi niliyetoka huko asubuhi. Nikasema ni mimi. Goti lilikuwa limevimba kweli sasa. Njia ilikuwa ileile, mbuzi walewale, na sikuwa na hamu ya kuitazama. Nilipofika Kinna nilipata kitanda kwa mama mmoja anayelaza wageni, nikalala kabla hajamaliza kuniuliza kama nitakula.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bodaboda ilinishusha kwa Gumato. Alikuwa nje anapika chai. Hatua chache kutoka kwake, kwenye kigoda, aliketi mwanamume mwenye ndevu nyekundu za hina, mswaki mdomoni. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani.

"Salaam aleikum," nilisema, ingawa mimi ni Mkristo, kwa sababu nilikuwa nimeingia kwao.

Wakaitikia wote wawili. Gumato akainua macho kutoka motoni. "Umerudi mapema."

"Nimerudi kwa sababu maneno yako yamepotea, mama. Mashine haikuyaweka."

"Uliniambia yote iko ndani."

"Nilikuambia. Sikuwa najua, na nikakuambia kama ninayejua. Nisamehe."

Alimimina chai kwenye kikombe, akanipa. Jatani alitoa mswaki mdomoni, akaurudisha. Nilitoa ile karatasi namba kumi na tisa, nikamwonyesha kidole chake, nikamwambia kwamba ningeweza kuandika juu yake neno lolote na hangejua, na kwamba ndiyo maana nimekuja ayaseme tena. Nilimwambia pia kwamba kama hataki kusema mbele ya mtu, tunaweza kwenda pembeni.

Alifikiri. Chai ilikuwa inachemka na hakuitoa motoni.

"Niliogopa kusema akiwepo," alisema, akimaanisha Jatani, bila kumtazama. "Sasa nimeshasema mara moja. Nitasema hapa hapa. Lakini andika kwa kalamu. Na usiangalie chini kila saa. Niangalie mimi."

Nikaweka karatasi kwenye goti zima, nikachukua kalamu. Akaanza tena, ukame, safari ya miguu, mathenge. Kwa kalamu mimi ni mzito, na ilibidi angoje, na alipokuwa akingoja alikumbuka mambo ambayo Jumatano hakuyasema: kwamba panga lilikuwa moja na walipokezana, kwamba mtoto alikuwa akiketi kwenye kivuli cha karai lililosimamishwa. Alipofika kwenye kaburi sauti yake ilishuka, lakini safari hii hakujifunika.

"Tulimzika Dokatu pale juu," alisema. "Tukaweka mawe matatu."

"Manne," akasema Jatani.

Ilikuwa mara ya kwanza anaongea tangu ile salamu. Gumato akamgeukia.

"Matatu. Mimi ni mama yake."

"Manne. Moja ilifunikwa na udongo wakati ya mafuriko. Halake alishindwa kuchimba. Mimi ndiye nilichimba. Mimi ndiye nilibeba mawe." Akanielekezea mswaki. "Hiyo andika."

Gumato alisimama, akaepua chai, akaanza kupanda kuelekea pembe ya juu ya shamba, nasi tukamfuata, mimi nikichechemea. Mawe matatu yalikuwa pale chini ya mti mdogo wa miiba, yameoshwa na mvua za miaka. Jatani alipiga magoti, akachimbua udongo kwa mikono upande wa miguuni. Ilichukua muda. Jiwe la nne lilikuwa chini kidogo tu. Alilifuta, akaliacha pale lilipo, akabaki amepiga magoti.

"Nilisahau," Gumato alisema. "Siku hiyo nilikuwa sioni kitu."

Nikaandika: *mawe manne, yaliyowekwa na Jatani, ndugu wa Halake, ambaye alichimba kaburi.* Nikawasomea. Halafu tukahesabu hatua mpaka mtoni, Gumato akitembea mbele kwa hatua zake za kawaida. Zilikuwa mia moja thelathini na sita.

Nisifanye mambo kuwa mazuri kuliko yalivyokuwa. Tulipofika mtoni Jatani alipangusa mikono akasema kwamba mpaka wa juu ni kweli, hawezi kubishana na kaburi, lakini kile kipande cha chini kinachopakana na mto ni chake, alikilima yeye kabla Halake hajaumwa.

"Hiyo pia andika," alisema.

Nikamtazama Gumato.

"Andika kwamba amesema," akajibu. "Usiandike kwamba ni kweli."

Nikaandika hivyo. Nikawasomea yote mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili na tena kwa Kiborana changu kibovu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Gumato alitabasamu, kwa sababu ya matamshi yangu. Jatani akachovya kidole, akakiweka chini ya kile cha Gumato kama shahidi.

Saa tatu nilikuwa njiani. Pikapu iliyonichukua Kinna ilipasuka gurudumu kabla ya Kulamawe, na gurudumu la akiba lilikuwa nalo halina upepo. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa karibu saa mbili. Wenzangu waliokuwa nyuma ya gari walilala kwenye kivuli chake. Mimi nilikaa juu ya begi nikiwa nimelala macho wazi. Sikuwa na nguvu hata za kuwa na wasiwasi. Lori la mawe lilisimama likatupa upepo, tukaendelea.

Ofisini nilifika saa tisa na dakika arobaini. Karani wa dirishani, mwanamume kijana mwenye miwani, alipokea zile karatasi akazipitisha haraka kwa kidole gumba. Kwenye ya kumi na tisa akasimama.

"Hii mbona ni ya mkono?"

"Kompyuta ilizima."

"Mngechapa zote ziwe sawa."

"Zinakubaliwa au hazikubaliwi?"

Akaigeuza, akaangalia vidole viwili vya wino, akagonga muhuri. Nikatembea kwa miguu mpaka Wabera, polepole, nikafungua nyumba, nikavua viatu, na sikumbuki kingine cha siku hiyo.

Wiki kadhaa baadaye Boru alinipigia. Orodha ilikuwa imebandikwa. Shamba la Gumato limeandikwa kwa jina lake, kuanzia kaburini kushuka. Kile kipande cha chini kimeachwa kwa kamati waamue, na hawajaamua, na Gumato na Jatani wanaongea kuhusu kile kipande tu, mambo mengine hawaongei. Mfereji mpya wenyewe, alisema, bado haujaletewa tone la maji.

Akiru ameniagizia betri nyingine kutoka Nairobi na ameiweka. Amenifundisha nisiiache juani wala kwenye gari, nisitumie chaja ya kuazima isiyo yake, na nikiona inavimba au asilimia zinaruka niilete siku hiyohiyo, si wiki ijayo. Ile ya kujihifadhi yenyewe nimeiwasha. Mashine ni nzito kweli, lakini nimekubali uzito huo.

Hayo ni ya mashine. Lakini nililojifunza hasa ni kwamba Jumatano ile nilikuwa nimemsikiliza Gumato kwa vidole. Maneno yalipita kwenye masikio yangu yakashuka moja kwa moja mpaka kwenye kioo, na kioo kilipozima hapakuwa na kilichobaki kwangu, hata jina la mtoto wake. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijui ni watu wangapi nimewafanyia hivyo bila mashine kunisuta.

Siku hizi mtu akija na jambo linalomhusu yeye mwenyewe, kaburi au shamba au ndoa, naifunga kompyuta kwanza. Nachukua kalamu, namwangalia, namwambia aanze. Nikimaliza namsomea, ananisahihisha, ndipo nachapa. Watu wanaongoja kwenye foleni hulalamika kwamba siku hizi nachelewesha. Ni kweli, nachelewesha.